Msiuze kompyuta kuukuu kwa kilo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wakuu wa shule, wenye maofisi ya bandarini na kila mtu wa Mombasa mwenye stoo iliyojaa vyombo vya kompyuta vya zamani. Ombi langu ni moja: msiviuze kwa kilo kabla ya mtu anayevijua kuvitazama. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu kila niliyemwambia habari hii amenijibu kwa neno lile lile, "Za kazi gani?"

Mwezi wa nne nilikuwa Tudor, nimetoka kumwangalia dada yangu ambaye alikuwa hajiwezi. Nje ya lango la shule moja, ambayo sitaitaja jina, palikuwa na mkokoteni na mizani ya kupimia vyuma. Vijana wawili walikuwa wanatoa kompyuta kwenye chumba cha nyuma na kuzitenga mafungu mawili, masanduku huku, viwambo kule. Kwenye fungu la viwambo nyundo ilikuwa imeshaanza kazi, maana mle ndani mna waya wa shaba, na shaba ndiyo inayolipa. Vioo vilikuwa vimetapakaa mchangani, vioo vile vizito vilivyochanganywa na risasi, na watoto wanaviruka wakielekea darasani.

Nikasimama. Katika fungu la masanduku niliiona moja pana, rangi ya maziwa iliyogeuka manjano, ina midomo miwili mbele ya kutilia disketi, zile sahani za sumaku za kuhifadhia kazi, na juu yake, pale kiwambo kinapokaa, pana kishimo cha kutilia betri nne za tochi ndogo. Nikaijua kabla sijasoma jina. Ilikuwa Amstrad PC1512. Mashine kama ile niliifanyia kazi miaka mitano.

Nikamwambia kijana wa mizani, "Mwanangu, hiyo usiipime. Nitafutie na kiwambo chake."

Akanijibu kwa adabu, "Mama, kiwambo ni kiwambo. Ukifika nyumbani utapachika chochote."

Kijana yule hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Lakini katika mashine ile hupachiki chochote. Waliounda Amstrad waliweka mitambo yote ya umeme ndani ya kiwambo. Kiwambo ndicho kinachochomekwa ukutani, na kutoka mgongoni mwake waya hushuka kulisha sanduku. Ndiyo maana sanduku lile halina hata feni: joto lote liko juu. Ukivunja kiwambo umeliua na sanduku, na sanduku lenyewe halina ubovu wowote. Kibodi nayo ni ya kwake peke yake, ya kompyuta nyingine haiingii. Nilipekua lile fungu mpaka nikapata kiwambo kilichokuwa bado hakijaguswa, na kibodi nikaikuta chini ya mkokoteni. Nikalipa shilingi 900 kwa vyote vitatu, nikapanda tuktuk hadi Kibokoni nimekipakata kiwambo mapajani.

Sasa nieleze ni za kazi gani.

Mwaka 1988 niliajiriwa ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Tulikuwa ofisi ndogo, watu sita. Kompyuta za IBM tulikuwa tukizisikia tu, bei yake haikuwa ya watu kama sisi. Amstrad ilitoka Uingereza mwaka 1986, na ya bei ya chini kabisa ilianzia pauni 399 kabla ya kodi, ndipo ofisi kama zetu nazo zikathubutu. Prosesa yake, yaani ubongo wake, ni 8086 ya Intel, inakwenda megahezi 8, na kumbukumbu yake ni kilobaiti 512. Picha moja uliyopiga kwa simu leo asubuhi haitoshi kuingia humo. Lakini sisi tulifungulia meli humo. Nilikuwa naandika hati za forodha kutwa nzima, nikiamuru ichapishe nakaa nikiitazama, kwa sababu DOS, ule mfumo uliokuwa ukiiendesha, ulikuwa unashika kazi moja kwa wakati mmoja. Printa ikilia, kibodi imefungwa. Nimefuma vitambaa vingi vya meza nikiingojea ile printa.

Mwaka 1993 nikahamia kwa wakala wa meli. Pale palikuwa na kompyuta moja chini ya meza ya mhasibu, na nyaya zimetoka kwake kwenda meza nne. Sote wanne tunaandika, tunachapisha, tunatafuta, na mashine ni moja. Kwangu mimi ilikuwa ajabu. Mfumo ule ulikuwa Xenix, yaani Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshika kazi nyingi za watu wengi kwa pamoja, iliyotengenezewa kompyuta ndogo. Microsoft ndio walioitangaza mwaka 1980, kisha kampuni ya SCO ikaisukuma kwenye kompyuta za mezani. Bwana aliyekuja kutufungia alinifundisha kuwa kabla ya kuzima mashine niandike sync, halafu tena sync, halafu tena sync. Nikamwuliza mara tatu ya nini. Akasema, "Ya kwanza ni ya kazi. Mbili zilizobaki ni za kukupa wewe subira mpaka diski imalize." Miaka yote niliyokaa pale hatukupoteza hati hata moja.

Nina mjukuu, yuko sekondari, anaishi nami. Siku niliyoingia na ile Amstrad alinipokea mlangoni, akakiweka kiwambo mezani, akasema, "Bibi, simu yangu ndani ina Linux. Mwalimu ametuambia. Hii yako ina nini?" Nikamwambia haina kitu, ila inaweza kutiwa. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Kwanza nilimweleza asili. Unix ilianza mwaka 1969 Marekani, katika maabara za Bell, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika Linux kwa kufuata njia za Unix, ila yeye aliiandikia prosesa ya 386. Na 386 ina kitu ambacho 8086 haina. Nilimpa mfano wa nyumba yetu ya Kiswahili ya vyumba sita. Ndani ya 386 kila mpangaji ana mlango na kufuli, na mwenye nyumba ndiye mwenye funguo. Ndani ya 8086 hakuna milango, wala pazia. Programu yoyote inaweza kuingia chumbani kwa mwenziwe ikamwaga chungu chake, na ikitaka inaingia hata kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo Linux yenyewe haiwezi kukaa humo. Lakini ana mdogo wake. Mwaka 1995 watu walianza kuipunguza Linux ili iweze kukaa kwenye 8086, wakaiita ELKS, na mpaka leo kuna wanaoiendeleza, tena bure. Wapangaji wake wanaishi bila milango, kwa kuaminiana. Mfumo mzima, na amri zake, unaingia kwenye disketi moja ya kilobaiti 360.

Tatizo likawa disketi.

Faili la ELKS mjukuu wangu alilipakua kwa kompyuta ndogo ya rafiki yake, lile lililopimwa kwa disketi ya 360. Sasa utalitoaje kwenye kompyuta ya leo uliingize kwenye disketi ya inchi 5.25, ile pana inayopinda? Nilizunguka siku mbili. Mwembe Tayari nikapata fundi ambaye bado ana kompyuta ya zamani ya 486 yenye mdomo wa disketi za aina hiyo, ila mdomo wake ulikuwa wa megabaiti 1.2, mpya kidogo kuliko wangu. Tukapeleka faili kwake kwa disketi ndogo ya inchi 3.5, akaliandika kipande kwa kipande kwenye disketi moja ya zamani niliyokuwa nayo kabatini tangu enzi za ofisi. Kwenye mashine yake ilisomeka vizuri. Nikarudi nyumbani mbio. Kwenye Amstrad, hakuna kitu. Mdomo unakwaruza, taa inawaka, inazima, kimya.

Nilidhani mdomo umekufa. Chumvi ya bahari haisamehi chuma hapa kwetu, na ukungu haukosekani popote. Nikaufungua, nikasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka nyeusi. Nikatia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye vile vyuma viwili ambavyo kichwa huteleza juu yake. Nikajaribu tena. Kimya. Kiwambo sikukifungua, na yeyote atakayesoma barua hii asifungue chake kama si fundi: mle ndani umeme hukaa hata baada ya kuchomoa waya, nao unaua.

Usiku ule nilikaa nikiifikiria ile disketi. Mdomo wangu wa 360 huandika duara 40 kila upande. Mdomo wa fundi wa megabaiti 1.2 huandika duara 80 katika nafasi ile ile, kwa hiyo kichwa chake ni chembamba. Anapoandika juu ya disketi iliyokwisha kutumika, anapita katikati tu ya njia pana ya zamani, na pembeni maandishi ya kale yanabaki. Kichwa chake chembamba hakiyaoni hayo ya pembeni. Changu ni kipana, kinasoma mapya ya katikati na hati zangu za forodha za mwaka 1989 kwa pamoja, kinachanganyikiwa. Kwa hiyo mdomo ulikuwa mzima. Disketi ndiyo iliyokuwa haijafutika.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa redio na televisheni. Meza yake bado ipo uani, sijaitoa. Chini yake kulikuwa na ile ringi kubwa ya waya aliyokuwa akiitumia kuondolea sumaku kwenye televisheni za rangi, zile ambazo watu wameweka spika karibu mpaka kioo kimeingia doa la zambarau. Ukiichomeka inanguruma. Nikaishika juu ya disketi, nikaizungusha polepole kama mtu anayefukiza udi, halafu nikarudi nyuma hatua kwa hatua nikiwa bado naizungusha, mpaka nikafika mlangoni, ndipo nikaizima. Yeye ndivyo alivyokuwa akifanya. Ukiizima ukiwa karibu unaacha sumaku pale pale. Mjukuu wangu alisimama pembeni hakusema neno.

Asubuhi nikairudisha disketi kwa fundi, sasa ikiwa tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Akaandika upya. Saa nane mchana, baada ya chakula, tukaitia kwenye Amstrad.

Mashine kwanza ilijihesabu kumbukumbu, ikaomba betri mpya, kama zilivyokuwa zikiomba tangu zamani. Taa ya mdomo wa kwanza ikawaka, ikaendelea kuwaka. Maneno yakaanza kushuka kwenye kioo, herufi nyeupe juu ya weusi, mstari kwa mstari, wala si kwa kasi ya kumshinda mtu kusoma. Ilichukua karibu dakika moja. Kisha likatokea neno login na nukta zake mbili, na kijistari kinapepesa. Mjukuu wangu akaandika root, jina la mwenye mamlaka yote, akabonyeza, ikamkaribisha bila kumwuliza nywila. Mimi nililia, Bwana Mhariri, wala sioni haya kuliandika. Mashine niliyoitumikia nikiwa msichana, ambayo nilikuwa nikiingojea imalize kuchapisha, sasa ilikuwa imesimama kwenye alama ile ile niliyokuwa nikiiona kwa wakala wa meli.

Jambo la kwanza nililotaka kumwonyesha ni hilo la kungoja. Tukaweka disketi ya pili kwenye mdomo wa pili, tukaiunganisha kwa amri ya mount, na ikawa tawi tu la mti ule ule wa mafaili badala ya kuwa nchi nyingine yenye herufi yake kama kwenye DOS. Tukaiamuru mashine iorodheshe kila faili lililo kwenye disketi ya kwanza na orodha iandikwe kwenye ya pili, na mwisho wa amri tukatia alama ya &. Alama hiyo maana yake ni: nenda kaifanye, mimi nina mengine. Taa mbili zikawa zinapokezana, hii, ile, hii, ile. Na kibodi ikawa wazi. Nikamwambia, "Andika ps, amri ya kuuliza kazi zinazoendelea." Akaandika. Ikajibu kwa kusitasita kidogo, ikatoa orodha ya kazi zinazoendelea, na ile yetu ya kuorodhesha imo katikati, ina nambari yake. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia mwaka 1988 mashine hii hii isingeweza kunijibu mpaka imalize. Akauliza, "Kwani imebadilishwa nini?" Nikamwambia haikubadilishwa hata waya mmoja. Kilichobadilika ni nani anayegawa zamu.

Wiki iliyofuata alinionyesha yeye. Alikuwa amelifungua lile faili la disketi kwenye kompyuta ya rafiki yake kwa programu ya kutazama baiti moja moja, akachukua daftari la hesabu, akanakili baiti 512 za mwanzo kwa mkono. Hizo ndizo ambazo kompyuta huzisoma kwenye disketi kabla ya kitu kingine chochote inapowashwa. Alikuwa amezihesabu mpaka mwisho na kuzipigia mstari mbili za mwisho, 55 na AA. Mashine nyingi, zisipozikuta hizo mbili mahali pale, huiona disketi si ya kuwashia. Zikiwepo, huzibeba zote 512 ikaziweka kwenye kumbukumbu mahali panapoitwa 7C00, ikaruka hapo, na kuanzia hapo kila kinachotokea ni cha yule aliyeandika disketi. Alikuwa anajua sasa, hatua kwa hatua, kinachotokea tangu kidole kinapobonyeza swichi. Mwalimu wake hajamfundisha hilo, wala mimi sikumfundisha, maana sikuwa nalijua.

Naomba hapa niwajibu wenzangu wanaosema kwamba mtoto apewe Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi, au kompyuta mpya, na makuukuu yaende zake. Sina neno baya na vitu vipya. Lakini Linux iliyo kwenye kompyuta mpya imepita mistari milioni 30 ya msimbo. Ile ya kwanza ya mwaka 1991 ilikuwa mistari kama 10,000, mtu angeweza kukaa nayo kipindi cha likizo akaimaliza. Hakuna mtoto, wala profesa, atakayeisoma ya leo yote. Anajifunza kuitumia, anabaki mlangoni. Mashine ndogo humkaribisha mpaka jikoni. Halafu kuna jambo la kugusa. Vipande vya Amstrad ni vikubwa, unaviona kwa macho. Prosesa unaielekezea kidole. Taa ya mdomo inakuambia sasa hivi inasoma. Simu ikifanya kazi au isipofanya, kioo ni kile kile.

Na kuna kosa. Mashine ndogo inakufundisha kosa likiwa bado dogo. Mjukuu wangu alitaka ikiwaka iseme Kiswahili. Akagundua kuna faili, /etc/issue, ambalo maneno yake huonyeshwa kabla ya kuulizwa jina. Akaandika humo: Karibu Kibokoni. Akalisoma kwa cat, amri ya kuonyesha faili, likatoka barabara. Akaniita nije nione atakapoiwasha upya. Kabla sijafika kutoka jikoni stima ikapotea. Iliporudi, baada ya Magharibi, tukawasha. Login, basi. Karibu Kibokoni haipo. Alikasirika, akasema disketi ni mbovu.

Disketi haikuwa mbovu. Nikamweleza kwa daftari la duka la jirani yetu. Mwenye duka hatembei mpaka kwenye kabati la chuma kila anapouza unga wa shilingi ishirini. Anaandika kwenye kikaratasi kando, na akipata nafasi ndipo anahamishia kwenye daftari. Kompyuta nayo hufanya hivyo, kwa sababu disketi ni ya polepole mno. Ulichoandika hukaa kwanza kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hukifuta umeme ukikatika. Alipokisoma kwa cat alikuwa anakisoma kikaratasi. Kuna amri ya kumwambia mwenye duka ahamishie sasa hivi. Akauliza ni ipi. Nikamwandikia sync, nikamwambia mara tatu, na nikamweleza za nini.

Sasa kila jioni inapowaka inaandika Karibu Kibokoni. Watoto wa mtaani kwetu wanakuja kuitazama, wanne watano, wanakaa kwenye mkeka. Mmoja, msichana wa darasa la saba, ameshaweza kuunganisha amri mbili kwa kile kistari kilichosimama, amri ya kwanza inampa ya pili alichokishika mkononi, kama mahamali wanaopokezana magunia ngazini. Alipoelewa aliruka. Ninavyoona mimi, mtoto yule amepata kitu ambacho hakipatikani kwa kutelezesha kidole kwenye kioo.

Ndiyo maana nimeandika. Shule ile ya Tudor ilikuwa na mashine kama hii kumi na mbili, nilizihesabu. Zingekuwa meza kumi na mbili za watoto. Nilipata moja, na wiki mbili baadaye nilipopita tena chumba kilikuwa kitupu, kimewekwa viti. Walimu wakuu, mkiwa na vitu hivi, bandikeni tangazo langoni wiki moja tu kabla ya kuita mizani. Wenye maofisi ya kutoa mizigo barabara ya Moi na Nkrumah, najua mnazo juu ya kabati, nimefanya kazi kwenu. Mkiamua kuziondoa, toeni sanduku, kiwambo na kibodi pamoja, na mfunge kwa kamba moja, kwa sababu kikitengwa kimoja vyote vimekwisha. Mafundi wa skrap nao si maadui. Yule kijana wa mizani sasa ananipigia simu akiona kitu, na namlipa zaidi ya bei ya kilo, na hashiki nyundo mpaka nifike.

Na mwisho, Mhariri, kuna kitu ambacho hata kwa pesa hakinunuliki kwa sasa, nacho ni disketi za inchi 5.25. Naomba zile za kilobaiti 360, si za megabaiti 1.2, maana hizo za pili hazishiki maandishi ya mdomo wetu. Mara nyingi utazijua kwa tundu la katikati: zetu huwa zimezungushiwa kipete cha plastiki kuliimarisha, na zile nyingine hazina. Zikiwa na ukungu msizitupe, nitazisafisha mwenyewe. Zikiwa na hati zenu za zamani nitazifuta mbele ya macho yenu kwa ile ringi. Anwani yangu nimeiacha kwako. Tumebakiwa na disketi mbili, moja ina mfumo, na ya pili watoto wanaigombania zamu.

Karani mstaafu,
Kibokoni, Mombasa